Kaisari Niliyemsugua kwa Dawa ya Meno

Kila asubuhi mwanangu akipiga mswaki, harufu ya mnanaa ikinifikia jikoni, mimi hasira zinanipanda. Sijui wenzangu dawa ya meno inawakumbusha nini. Mimi inanikumbusha dhahabu. Namkumbuka mwanamume mwenye ndevu za mafundo-mafundo, amelala kwenye kiganja changu cha miaka kumi, juu ya sinki la watu, na mimi namsugua huku najisifu. Mama mmoja wa kanisani kwetu Brooklyn Center nilipomsimulia aliniambia, "Dada Pendo, hayo ya zamani yaachilie, usamehe." Nimekataa. Nawasimulia ninyi, mniambie kama nina makosa.

Mama yangu alikuwa anatunza wazee majumbani mwao. Kule kwetu Mpwapwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ila cheti chake huku ugenini kilikuwa karatasi ya kufungia maandazi tu. Jumamosi hakuwa na wa kumwachia mtoto, basi alinipakia kwenye kigari chake ambacho hita ilipuliza upande wa dereva peke yake, tukaenda Anoka kwa Mzee Harold. Mzee alikuwa amepooza mguu mmoja, mkewe alishafariki, na dirisha la sebule yake lilitazama mto. Alikubali nije kwa sharti moja, nisipige kelele. Sikupiga. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni kama mzigo uliosahauliwa stendi, mpaka Jumamosi ya pili akachoka kunitazama, akaniita mezani.

Mezani palikuwa na trei ya mbao yenye vishimo saba, na kila kishimo kilikuwa na sarafu ya dhahabu ya Warumi yenye sura ya kaisari. Nilitegemea sarafu kubwa kama kisahani. Zilikuwa ndogo, kama kifungo cha koti, lakini ukishika moja mkono unashtuka kwa uzito. Mzee alinifundisha kuishika ukingoni, kwa vidole viwili, na kutoongea juu yake mate yasije yakairukia. Akanipa kioo cha kukuzia. Kuanzia siku hiyo nikawa nahesabu siku za wiki kwa kusubiri Jumamosi.

Nero nilimjua kwa shingo. Kwenye sarafu za ujana wake shingo ni ya kijana wa kawaida, halafu inanenepa sarafu hadi sarafu mpaka kidevu kinapotea. Mzee alisema huyo ndiye aliyepunguza uzito wa sarafu za dhahabu, akitengeneza nyingi zaidi kwa dhahabu ileile. Mama akasema kutoka jikoni, kwa Kiswahili, "Kumbe mambo ya kupunja mizani hayakuanzia Kariakoo." Trajani alikuwa na nywele zilizochanwa kuja usoni kama kofia. Nilipouliza dhahabu yake ilitoka wapi, Mzee alinieleza nchi aliyoivamia, ambayo leo ni Romania, na migodi yake. Nikauliza wenye nchi walipata nini. Alicheka, akasema hilo swali watu wa chama chake cha sarafu hawajawahi kuliuliza.

Lakini wangu alikuwa Severus. Huyu alizaliwa Afrika, pwani ya Libya, akatawala Roma yote, akaja kufia Uingereza kwenye baridi. Mzee aliponiambia nilimwangalia yule mtu kwenye kioo kwa muda mrefu. Nikasema moyoni, huyu ni kama sisi, ametoka Afrika akaishia kwenye barafu, tofauti ni kwamba yeye alipewa sarafu. Nilijua kila alama yake. Warumi walikuwa wanagonga sarafu moja moja kwa nyundo, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana kabisa. Severus wangu alikuwa na ufa mwembamba kama unywele ukingoni, chini ya ndevu, na herufi ya mwisho ya jina lake ilikatwa nusu. Juu alikuwa na wekundu wa chai ya rangi, na kwenye mikunjo ya masikio kulikuwa na weusi.

Huo weusi ndio uliotuponza.

Jumamosi moja Mzee alikuwa anategemea wageni watatu wa chama chake saa nane mchana. Mama alishapiga deki, alishafuta vioo. Na mimi nililelewa na bibi ambaye mgeni akisikika yuko njiani, masufuria yote yanatoka nje yanasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka unaona meno yako. "Chombo cheusi ni tusi kwa mgeni," ndivyo alivyokuwa akisema, na kofi lilikuwa tayari. Sasa mimi nimwache Mwafrika peke yake kwenye trei apokee wageni na masikio machafu? Mzee alikuwa amelala kidogo, Mama yuko na supu. Nilimchukua Severus nikaingia naye bafuni. Dawa ya meno kwanza. Weusi haukutoka. Nikafuata ule waya wa kusugulia masufuria.

Alitoka anang'aa kama jua. Nilimrudisha kwenye kishimo chake nikakaa kusubiri kusifiwa.

Mzee aliwahi kunikataza mambo mengi, hakuwahi kunikataza kuosha. Kwake yeye haikuwezekana mtu akawaza kuosha sarafu ya kale. Kwetu haikuwezekana mtu asiwaze.

Aliyefika kwanza alikuwa Linda, binti yake Mzee, mwanamke wa makamo aliyekuja kupanga vikombe. Alifunua trei. Akainama. Akaniangalia, akaangalia jikoni, akamwita baba yake, ambaye alishaamka na kukaa kwenye kiti chake cha dirishani, akamwonyesha.

"Dad, hii siyo yako. Imebadilishwa. Hii ni ya bandia."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza kuna nini, kwa Kiingereza chake kilichonyooka cha darasani. Linda alijifanya hakielewi. Akanigeukia mimi. "Mwambie mama yako nataka ile sarafu halisi kabla sijapiga simu kwa ofisi iliyomtuma."

Mnajua kumtafsiria mama yako kwamba ni mwizi? Mimi najua. Nilikuwa na miaka kumi.

Mama aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Pendo, umeigusa?"

"Nimeiosha."

"Na nini?"

"Dawa ya meno."

"Na nini tena?"

"Waya wa masufuria."

Mama alifumba macho, akayafumbua. "Mwambie hivyo hivyo. Usipunguze."

Nikamwambia. Linda akatabasamu lile tabasamu la kumsikitikia mtu. "Hadithi nzuri. Nani kakufundisha?"

Hapo Mama akaweka mwiko chini. "Mwambie alete mizani."

Mzee alikuwa na kimizani chake kidogo, na kila sarafu ilikuwa na kadi yake yenye uzito na alama zake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Tulipima. Uzito ulikuwa uleule wa kwenye kadi. Linda akasema hata bandia inaweza kuwa na uzito huo. Basi nilichukua kioo cha kukuzia, nikasogea karibu naye mpaka nikasikia manukato yake, nikamwonyesha ufa chini ya ndevu. Nikamwonyesha herufi iliyokatwa. Halafu nikamwekea kadi mbele ya macho, imeandikwa hayohayo mawili. Nilikuwa nalia, makamasi yananitoka, lakini kidole kilikuwa kimenyooka.

Alisoma kadi mara mbili. "Vyovyote vile," akasema, "imeharibika. Muombeni baba msamaha."

"Pendo, omba msamaha kwa kukwaruza," Mama akasema. Nikaomba. Mzee akatikisa kichwa bila kuniangalia. Tangu alipoitupia sarafu jicho, alikuwa anatazama mto.

Kisha Mama akabaki amesimama palepale, mikono kwenye aproni. Linda akamuuliza anangoja nini. Mama akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, safari hii hakuna aliyejifanya haelewi, "Msamaha wa kwangu. Umeniita mwizi mbele ya mtoto wangu."

Linda akaanza kupanga vikombe.

Mama alizima jiko, akafunika supu, akatundika aproni, akanivalisha koti ingawa nilikuwa mkubwa wa kujivalisha. Tulikuwa tumefika kwenye gari tuliposikia kigongo cha Mzee kwenye zege. Alitufuata bila koti, anahema, ana bahasha ndogo mkononi. "Mchukulie Pendo," akamwambia Mama kwa sauti ya chini. "Ndiye anayempenda. Mimi sina shida naye tena." Nilimwona Severus akivimbisha karatasi. Nilinyoosha mkono.

Mama akaushusha mkono wangu. "Hapana, Mzee. Asante. Rudi ndani, kuna baridi." Tukaondoka, na kwenye kona tukapishana na gari la wageni.

Nilimlilia njia nzima mpaka Brooklyn Center. Nikamwambia ana roho mbaya. Nikamwambia alikuwa ananipa mimi, siyo wewe. Alikuwa amepoteza kazi ya Jumamosi, na kwa miezi kadhaa tulikula ugali na kabichi mpaka nikachukia rangi ya kijani, na kila nikiiona sahani ile nilifikiria dhahabu tuliyoikataa. Nilimnunia mama yangu kwa miaka. Niliamini ni kiburi tu cha mwalimu.

Sasa nina miaka ishirini na tisa, nina mtoto, naishi New Hope, na nina sarafu zangu nne za Warumi. Ni za shaba, zile wanazouza kwa fungu, watu wanacheka. Siku moja mwanangu alizimwaga zikachanganyika na vifungo na sarafu za kisasa kwenye zulia. Nilizitambua zote nne kutoka mlangoni, kabla sijainama. Nikakaa chini palepale kwenye zulia. Mtu anayekusanya anaijua ya kwake kama unavyomjua mtoto wako kwa kisogo. Iwe imesuguliwa, iwe imekwaruzwa, anaijua.

Kwa hiyo Mzee Harold alijua. Alijua tangu trei ilipofunuliwa. Alimwacha mama yangu apimwe kwenye mizani, akaniacha mimi nilie na kioo mkononi, kwa sababu aliogopa kumkasirisha binti aliyekuwa na uwezo wa kumpeleka nyumba ya wazee. Huo woga naujua, nimefanya kazi kwenye nyumba hizo. Nauelewa, na sisamehi. Nimejifunza kufanya yote mawili.

Na ile bahasha. Alituletea nje, kwa kunong'ona, mgongo ameupa nyumba. Linda angefunua trei jioni ileile akakuta kishimo kitupu, na safari hii asingekuwa anasema uongo, maana dhahabu ingekuwa kweli kwetu, chini ya mto wangu wa kulalia. Mama aliliona hilo kwa muda wa kushusha mkono wangu. Mzee aliyeshindwa kututetea sarafu ikiwa mezani mbele ya macho yake, angesema nini ikiwa mfukoni mwangu?