Kanyanga ya Kartie Yetu

Ijumaa, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha asubuhi yote, ikakatika saa sita, kisha ikarudi bila upepo, ile mvua inayosimama juu ya ziwa mpaka rasi ya Ubwari haionekani tena.

Unisamehe herufi. Shule yangu iliishia primere ya sita, na sijui kama haya yanastahili karatasi. Lakini leo nimeshtuka mara mbili, na mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Acha nianze na ile ndogo.

Nilikuwa natoka soko la Baraka kwa pikipiki. Motari alikuwa kijana wa Misisi, hanijui, simjui. Tulipofika kwenye mteremko wa kuingia mtoni, udongo ulikuwa laini kama sabuni, nikaona anakimbia mno. Nikamgonga bega.

"Kanyanga, mutoto wangu! Kanyanga!"

"Sawa, papa!" akajibu kwa furaha, akafungulia moto wote.

Rafiki yangu, tuliruka. Nilifumba macho. Nilipoyafungua tulikuwa ndani ya shamba la mihogo la mtu, pikipiki imelala, gurudumu linazunguka, mimi nimekumbatia mti wa muhogo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Kijana akasimama, akaniangalia kwa hasira.

"Si ni weye ulisema nikanyange?"

"Nilisema ukanyange, ili upunguze!"

"Papa, umekunywa?"

Mimi ni mwimbaji wa korali, sinywi. Lakini kijana alikuwa na haki. Kuanzia Uvira mpaka Kalemie, ukisema kanyanga maana yake ni kuongeza mbio. Ni sisi tu, watoto wa kartie moja, mtaa mmoja karibu na ziwa, ambao kwetu kanyanga ni kutulia. Neno hilo lilitoka ndani ya gari moja, na ni hiyo gari nataka kukusimulia.

Ilikuwa kamyoneti ya kijani, yenye mbao pembeni na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Jirani yetu ndiye aliyeiendesha, nasi tulimwita Shofere, na mke wake Mama Shofere, kwa sababu hawakuwa na mtoto wa kuwapa jina. Gari haikuwa yake. Mwenyewe alikuwa patron, tajiri mmoja aliyenunua dhahabu Misisi. Asubuhi ya soko tuliamka na harufu ya ndakala, visamaki vya ziwa, zilizokauka kwenye mchanga, bamama wakizikusanya kwenye vikapu, halafu kamyoneti ikikohoa nyuma ya nyumba, na sisi watoto tukikimbia na ndoo za maji ya kuinywesha. Ilipanda Fizi na samaki, ikarudi na ndizi, maharagwe, na harufu ya majani mabichi ya milimani. Mwanamke akishindwa kuzaa, ilikuwa ile. Maiti ikitakiwa kurudishwa kwao, ilikuwa ile. Hatukuwa na nyingine.

Basi kabirateri ikafa. Ni kile chombo cha juu ya motere kinachochanganya esansi, yaani petroli, na hewa. Ilianza kudondosha, ikatoa moshi mweusi, mwishowe ikawa inazimika katikati ya mlima, bamama wanashuka kusukuma. Patron akatuma neno kutoka Misisi: siku ya soko inayokuja nitakuwa Fizi. Kama gari haitafika, naichukua, nitampa shofere mwingine wa huku. Kartie nzima ilipata ubaridi. Shofere hakuwa na shamba wala wavu. Alikuwa na usukani tu.

Ya orijini haikupatikana popote. Ikaja ya adaptable, ya kulazimisha kwenye gari yoyote, kwa mtumbwi wa motere, imefungwa ndani ya gazeti, inang'aa kama kijiko kipya. Mekanisiyo wetu alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono ya haraka. Aliitoa ile ya zamani, akaweka mpya mahali pake, na mara moja tukaona shida: ya zamani ilishikwa kwa bulo nne, zile skrubu nene, mpya ilikuwa na matundu mawili.

"Umesema inaingia," Shofere akamwambia.

"Inaitwa adaptable," mekanisiyo akajibu. "Ni weye ndiye utaizoea. Yenyewe haizoee mutu."

Tulicheka sana. Akakata kipande cha aliminyo nene, akatoboa matundu manne upande mmoja na mawili upande mwingine. Kati yake na motere akaweka karatasi ngumu ya boksi la sabuni, ameilowesha kwenye mafuta ya motere, ili hewa isipenye. Nakumbuka alivyoichora kwa mkaa, akaikata kwa wembe wa kunyolea, ulimi nje. Akafunga mpira wa esansi, akafunga kamba inayotoka kwenye pedale ya mguu, akafunga resori, ile waya ya kujikunja inayorudisha kamba, palepale ilipokuwa zamani. Akapiga kelele: washa!

Sijawahi kusikia mlio kama ule. Motere ilipasua masikio, kuku wakaruka juu ya nyumba, nyanya yangu akaacha sombe, majani ya muhogo, ndani ya kinu na kukimbia na mtwangio mkononi. Shofere alikuwa ameinua miguu yote miwili juu, kuonyesha kwamba hagusi kitu.

"Kanyanga!" mekanisiyo akalia. "Kanyanga tuone!"

Akakanyaga. Motere ikatulia, tu, tu, tu, kama mtoto aliyepewa titi. Akaachia, ikalia tena. Kumbe kile kimkono cha kabirateri mpya kilifunguka kwa upande mwingine. Kamba ikivutwa, kinafunga. Kamba ikiachiwa, resori inakifungua chote. Ilikuwa gari ya kinyume: ukitaka ikimbie unainua mguu, ukitaka itulie unakanyaga.

Kuigeuza kulitaka kipande kingine cha chuma na kazi ya siku nzima, na soko la Fizi lilikuwa kesho yake. Shofere akajifuta uso.

"Nitaenda nayo hivi hivi," akasema.

Na mama yangu alipanda, rafiki. Mpaka leo nikifikiri hilo mwili unasisimka. Alipanda na vikapu vyake viwili vya ndakala, pamoja na bamama wengine, wote wakijua. Alituambia baadaye kwamba kila kona bamama walilia kwa sauti moja, "Kanyanga, papa! Kanyanga!", na gari ikapunguza. Walifika Fizi.

Ya Fizi sikuyaona, nasema kama nilivyoambiwa. Patron alitaka kuijaribu mwenyewe. Shofere akaanza kumweleza, naye akamwambia nyamaza, mi nimeendesha gari weye ukiwa bado tumboni. Akawasha, ikapiga kelele, akaogopa, akainua mguu. Gari ikaingia ndani ya mlima wa ndizi za watu. Patron akashuka amekuwa na rangi ya majivu.

"Hii gari iko na mutu wake," akasema. "Baki nayo."

Tangu hapo hakuna aliyeigusa isipokuwa Shofere. Akitaka kuondoka aliinua goti juu kabisa, mpaka tulione dirishani, nasi tulimwiga barabarani, goti juu, tukinguruma. Na neno likabaki kwetu. Mtoto akilia usiku, mama alimwambia kanyanga. Kiongozi wa korali akitaka sauti zishuke, kanyangeni. Mwalimu wetu, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuwa akisema mara moja tu darasani, kwa sauti ndogo, kanyangeni, na watoto wote walinyamaza.

Sasa nifike kwa huyo mwalimu, maana ni yeye jambo lenyewe.

Siku tuliyokimbia vita, Shofere alikuwa ameshuka pwani kututafutia mtumbwi. Nyanya yangu hakuweza kutembea. Mwalimu alijua kuendesha kidogo, alifundishwa kwenye gari ya misioni. Akaomba funguo kwa Mama Shofere, tukapakia godoro, sufuria, na bazee watatu. Nyanya alikuwa bado mlangoni anafunga kitenge. Niliona kwa macho yangu. Mwalimu aliwasha, akaanza kuteremka polepole, halafu gari ikapata mbio, na kadiri ilivyokimbia ndivyo alivyojikaza kwenye usukani, mpaka ikaingia kwenye mtaro mkubwa wa maji na kulala ubavu. Bazee walitoka na michubuko. Mguu wa mwalimu wa kulia ulivunjika vibaya. Tuliwafikisha pwani mgongoni, nyanya akibebwa na mjomba, na tulivuka ng'ambo wote salama.

Lakini watu wanahitaji mtu wa kulaumu. Kwenye kambi ya wakimbizi walisema mwalimu alichanganya miguu, akainua badala ya kukanyaga. Mtoto wa primere anajua gari ile inaendeshwaje, yeye na vitabu vyote akasahau! Waliporudi huku waliendelea, kwa mzaha, si kwa ubaya, sitaki kuwaonea. Akipita na mguu wake, mtu anasema, "Mwalimu, leo umeanza na upi?" Naye hucheka kidogo. Hakurudi kufundisha. Aliniambia mara moja kwamba hajiamini tena mbele ya watoto, kwa sababu siku ya hatari kichwa chake kilimsaliti.

Leo, baada ya ile pikipiki, nilipita kwa Mama Shofere nikiwa na matope mpaka magotini. Ni mzee sasa, mume wake alizikwa ng'ambo. Nilimsimulia ili acheke, na kweli alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka. Akaangalia mvua.

"Ile gari haikuwa ya kinyume," akasema.

Nikafikiri amechoka akili. Nikamwambia, mama, mi mwenyewe niliona.

"Uliona siku ya kwanza. Wiki ile ile mekanisiyo aliigeuza, nyuma ya nyumba, mulango umefungwa. Ikawa kama gari zote. Mzee wangu alikuwa anainua goti bure tu, kisha anashusha mguu kwa siri, ili bantu baendelee kuogopa, patron asiichukue."

"Na weye ulijua?"

"Mi nilimupa mwalimu funguo, mwanangu. Ningejua ningemupa? Mzee aliniambia kambini, analia kama mutoto. Aliona haya ya kusema. Akafa nayo."

Nilikaa pale na maji yananitiririka. Kwa hiyo mwalimu alipoona gari inapata mbio alikanyaga ili itulie, kama tulivyofundishwa sote, kama bamama walivyolia kila kona. Na kila alipokanyaga, gari iliongeza. Hakuchanganya kitu.

Nimejaribu kuwa na haki kwa marehemu. Bila goti lile patron angeondoka na gari, na wangapi wangezalia njiani? Hakujua vita itakuja. Hakujua mwalimu ataomba funguo. Lakini ng'ambo alikuwa na miaka ya kusema neno moja, na kila siku alimwona mwalimu akipita na fimbo kwenda kuchota maji. Hapo nashindwa. Nikimhukumu naona vibaya, nikimsamehe naona vibaya zaidi, maana mguu si wangu.

"Umwambie mwalimu," Mama Shofere alinisindikiza akisema. "Mi kila mwaka najaribu, nafika mlangoni kwake, narudi."

Nilimwita mwalimu aje kula kwetu. Nilimwambia kabla chakula hakijaletwa, nikiogopa kwamba nikingoja nitarudi nyuma mimi pia. Mke wangu akasimama na sahani mkononi, hajui aweke au asubiri.

"Sema tena," akaniambia mwalimu. "Ilikuwa kama gari zote?"

"Kama gari zote."

"Basi sikusahau."

"Hapana, mwalimu. Hukusahau."

Akafunika uso kwa mikono miwili, muda mrefu, mabega yanatikisika, na sikujua kama ni kilio au kicheko. Watoto wangu waliacha kelele zao wenyewe. Zamani angewaambia kanyangeni. Hawangelielewa, neno hilo limebaki kwetu sisi wachache tuliozeeka, pwani imejaa nyumba za bati, ndakala hukaushwa mbali, wala pale ilipolala kamyoneti hapajulikani, mtaro umefukiwa. Nilikuwa napenda sana neno lile. Usiku huu sijui kama nitalisema tena.

Tulikula bugali ya mihogo, samaki mikebuka wa kukausha na sombe. Mwalimu, ambaye kwetu huwa anakula kama ndege na kuaga mapema, aliomba kuongezwa bugali mara mbili.