Alama Moja ya Tindo

Si kweli kwamba Polepole alisinzia mbele ya tanuri. Hayo yalisemwa msibani kwake, na watu walioshika sahani zake mikononi, na mkewe aliyasikia akiwa anapanga viti. Hakugeuka. Aliendelea kupanga viti.

Polepole lilikuwa jina la kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa tanuri katika karakana iliyoandaa vyuma vya feleji, vinene kama paja, vya kutengenezea shafti na ekseli za mitambo mizito. Chuma kilipashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikazamishwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kisije kuvunjika kama kioo. Hapo alikigonga kichwani alama moja ya tindo. Kwa kuwa mafuta yalikipinda, kilipelekwa kwenye presi kunyooshwa. Wengine wangeona kazi imekwisha. Yeye alikirudisha tanurini kwa saa nne, moto mdogo zaidi ya ule, akakiacha kipoe humo humo. Ndipo alipogonga alama ya pili.

"Kimenyooka kama rula, unakipikia nini tena?" wenzake walimtania. "Au hilo tanuri umelioa?"

"Nimelioa. Angalau lenyewe halina mdomo," aliwajibu. "Chuma kilichonyooshwa kwa nguvu kina kinyongo. Unakiona kimetulia, kumbe kinakuvizia. Lazima ukibembeleze."

Hata nyumbani hakuwa na haraka. Chai aliinywa imeshapoa. Mkewe, aliyekuwa mwalimu, alimwambia mara nyingi kwamba angeweza kusahihisha madaftari ya darasa zima kabla mumewe hajamaliza kufunga kamba za viatu.

Kisha shafti ya winchi ya mteja mmoja ikakatika. Mzigo ulianguka, hakuna aliyeumia, ila mteja alikuja juu, akavitupa vipande mlangoni pa ofisi. Meneja aliuliza nani alikuwa tanurini wiki chuma hicho kilipotoka. Polepole akasema ni yeye. Siku hiyo hiyo akaachishwa kazi, na ikavuma kwamba alisinzia.

Alirudi nyumbani na kipande kimoja, kile chenye kichwa, akakiweka juu ya gazeti kwenye meza ya jikoni. Mkewe alivaa miwani. Alama ilikuwa moja.

"Hiki hakikurudi tanurini," alisema.

"Hakikurudi. Mimi nilikuwa chakula cha mchana. Gari la mteja lilikuwa linapiga honi, mtu akakiona kimenyooka, akakipakia."

"Basi wapelekee, baba! Waone kwa macho yao."

"Nikiwaonyesha, wataniuliza nani alikitoa." Akakifunika kwa gazeti. "Na huyo, mama, tunazikana naye."

Mkewe alielewa ni nani. Alivua miwani, akamimina chai. Walikaa mpaka ikapoa, wakainywa hivyo hivyo.

Baada ya hapo Polepole alitengeneza bawaba za milango ya majirani na kunoa visu vyao. Wakimuuliza kuhusu karakana, alisema tanuri limempa talaka, nao wakacheka. Ndivyo ilivyopita miaka minne. Asubuhi moja moyo wake ulisimama, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja kimefungwa, cha pili bado. Mkewe ndiye aliyekifunga hicho cha pili. Hakujua kwa nini alifanya hivyo, kwa kuwa ilibidi vivuliwe vyote.

Kipande kiko kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. Kila Jumamosi mkewe hukipangusa vumbi kama anavyopangusa vikombe. Mwenye shaka na Polepole na aje ahesabu mwenyewe. Katika miaka ishirini na sita hakuruhusu hata mara moja chuma chenye alama moja kitoke mlangoni.

Aliyekitoa ni nani? Wameuliza wakwe, wameuliza majirani, hata meneja amepiga simu. Mjane wake anamjua. Hamtaji leo, na hatamtaja kesho. Msimuulize tena.