Mtaalamu wa Keram wa Kanga

Mwaka 1973, redio ilipokuwa ikituhimiza kila jioni tuchimbe vyoo, mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Kanga, kaskazini mwa Mafia. Tena nilikuwa mhariri. Jina langu Shaibu Mfaume, na gazeti langu liliitwa Pambazuka: karatasi moja ya manila niliyoiandika kwa mkono na kuibandika kila Jumamosi kwenye ukuta wa duka la ushirika. Mhariri nilikuwa mimi, mwandishi mimi, mchoraji mimi, na kwa wiki nyingi msomaji pia nilikuwa mimi.

Toleo la pili lilihusu vyoo. Nilichora choo kizuri, chenye paa la makuti na kifuniko chenye mpini. Mama mmoja alisimama akakitazama kwa muda, akaniuliza kama lile ni banda la kuku. Huyo ndiye aliyelisoma gazeti kwa makini kuliko wote. Nyumbani kwangu choo cha namna ile hakikuwapo. Tulikwenda minazini nyuma ya nyumba kama majirani wote, nami nilijiambia kwamba kazi ya mwandishi ni kuandika, kuchimba kuna wenyewe.

Basi mwaka huohuo akarudi Mzee Mbaraka Matano, aliyekuwa mpishi wa meli za mwambao kwa miaka mingi. Alirudi na mguu mbovu na ubao wa keram. Aliuweka barazani kwake, na watoto wakitoka shule, na wengine wakitoka chuoni kwa maalimu, wote waliishia pale. Walinyunyiza poda, wakasukuma kete kwa vidole, wakazitumbukiza kwenye yale mashimo manne ya pembeni. Wazazi wakaanza kunung'unika: maji hayachotwi kwa wakati, na hakuna wa kuwinga ndege kwenye mpunga.

Nami nilikwenda kuuona huo mchezo, kama mwandishi. Mzee Mbaraka akanikaribisha nicheze na mtoto mmoja wa kike aitwaye Saburi, mwenye umri wa miaka tisa. Alinifunga. Nikamwambia ilikuwa majaribio, akanifunga tena. Mara ya tatu alinifunga huku akitafuna muwa, na watoto wote wakacheka, na mmoja akamuuliza mwenzake kama huyu ndiye mwalimu wa wazee. Ninasimulia haya kwa sababu katika makala niliyokuja kuandika sikuyataja.

Siku zile watoto kadhaa wa Kanga hawakuwa na afya. Nyuso zao zilififia, matumbo yalitoka mbele, wakikimbia kidogo wanahema. Mke wangu Mize aliniambia kwamba hata binti yetu Mwanasha alikuwa akisimama mara mbili njiani akitoka kisimani, na kwamba alimkuta akibandua udongo wa ukutani na kuula. Nilimjibu kwamba watoto wana tabia zao. Nilikuwa na haraka. Kichwani mwangu kulikuwa na kichwa cha habari.

Jumamosi ile Pambazuka liliandikwa kwa wino mwekundu: KERAM YANYONYA DAMU YA WATOTO. Nilieleza kwamba poda ikiingia puani hukausha damu, na kwamba kuinama juu ya ubao hubana ini. Nikataja watoto wanne. Halafu nikaandika, “Mtaalamu mmoja amethibitisha jambo hili,” na nikaona maneno yamekaa vizuri sana, kwa kuwa mtaalamu huyo nilikuwa namfahamu tangu utoto wake.

Kufika saa nne ya asubuhi ukuta wa duka haukuonekana kwa watu. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Mwanafunzi wangu mmoja, bibi wa miaka sitini ambaye kwa miezi minane hakupita herufi ya M, aliisoma habari yote ya keram bila kukwama. Jioni balozi wa nyumba kumi, Bwana Jumanne, alikwenda kwa Mzee Mbaraka akauchukua ubao kwa usalama wa umma, akaupeleka kwake. Mzee Mbaraka hakubishana. Aliuliza tu kama na kopo la poda linatakiwa, akaambiwa linatakiwa.

Ningeishia pale ningekuwa mjinga wa kijiji kimoja. Lakini nilinakili makala ile nikaipeleka kwa posta kwa gazeti moja la Dar es Salaam, lililopenda habari za mbuzi waliozaa watu. Wiki tatu baadaye lilifika na lori la kopra. Habari yangu ilikuwa ukurasa wa mbele, na picha ya ubao wenye meno. Watoto wanne wamekuwa arobaini. Mimi nilitajwa kwa jina, Shaibu Mfaume, mtaalamu wa afya. Nililikunja nikalitia mfukoni, na Ijumaa nikaenda nalo msikitini, nikamwomba Mungu anipe unyenyekevu, huku nikihakikisha kwamba jina la gazeti limechungulia nje ya mfuko.

Watoto arobaini si jambo la kupuuzwa. Wilayani wakashtuka, wakamtuma mganga msaidizi kutoka Kilindoni, mama wa makamo aitwaye Mwanahalima, pamoja na kisanduku chenye hadubini. Alifika shuleni, akaitikia shikamoo za watoto moja moja, kisha akauliza yuko wapi yule mtaalamu. Nikajitokeza. Alinitazama miguuni. Nilikuwa pekupeku.

Hakutaka hotuba yangu, ambayo nilikuwa nimeiandika. Aliagiza kila mtoto alete choo kidogo ndani ya kibiriti kitupu, kimeandikwa jina. Akataka watoto wakae mabenchi mawili, waliokuwa wakicheza keram huku na wasiocheza kule. Nikaona hapa ndipo nitakaposhinda. Nikamkokota Mwanasha na kumkalisha mbele kabisa ya benchi la wasiocheza, na kwa kuonyesha mfano nikaleta na kibiriti changu mwenyewe, nikiandika juu yake cheo changu.

Aliangalia kutwa nzima. Alasiri akaniita mezani.

“Mwalimu, nani kati ya hawa hajaugusa ule ubao kabisa?”

“Mwanangu huyu,” nikasema. “Nilimkataza tangu siku ya kwanza.”

“Ndiye mwenye safura kubwa kuliko wote hapa.”

Akamwinua Mwanasha kichwa, akavuta chini ngozi ya jicho lake, akanionyesha. Pale panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama karatasi yangu ya manila. Nilikuwa nalala nyumba moja na mtoto huyu. Nilikuwa nimeandika dalili zote za ugonjwa wake kwa wino mwekundu, nikazigawa kwa watoto wa watu.

Mama Mwanahalima alinieleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu. Minyoo hii ya safura hutaga mayai, mayai hutoka na choo, huanguliwa kwenye mchanga wenye kivuli na unyevu, na vinyoo vyake huingia kwenye nyayo za asiyevaa viatu, kisha huishi tumboni vikinywa damu. Haviulizi kama mtu anacheza keram.

“Choo chako kiko wapi?” akauliza.

“Mama, suala la vyoo niliwahi kuliandikia toleo zima.”

“Sikukuuliza ulichoandika.”

Nikanyoosha kidole kuelekea minazini. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akaniita nichungulie hadubini, nikaona mayai mengi, mepesi, ya mviringo. Nikamuuliza ni ya mtoto gani maskini. Akanionyesha kibiriti. Kilikuwa na cheo changu.

Watoto wengi walipewa dawa ya unga iliyo chungu ajabu, nami nilipewa kipimo cha mtu mzima mbele yao wote. Saburi alishika mdomo asicheke. Mwanasha lakini alikuwa amepungukiwa damu mno, akachukuliwa Kilindoni. Tulipanda lori, mimi na Mize tukamweka katikati yetu juu ya magunia. Mize hakuninyooshea kidole hata mara moja njia nzima. Ningependa angefanya hivyo.

Tulikaa wiki tatu. Siku ya sita Mwanasha aliomba wali, na siku ya tisa aliniuliza kama keram ni kweli hunyonya damu. Nikamwambia si kweli, baba alikosea.

“Kwa hiyo nitacheza?”

“Utacheza.”

“Saburi atanifunga,” akasema kwa huzuni.

“Hufunga wengi,” nikamwambia.

Niliporudi Kanga niliandika masahihisho marefu, ya kweli tupu, kwa wino mweusi. Hakuna aliyeyasoma. Nikaelewa sababu polepole: kumnyang'anya mzee ubao ni kazi ya dakika tano, lakini kuchimba choo kwenye mchanga ni kazi ya wiki nzima, na mimi nilikuwa nimewapa watu sababu nzuri ya kutochimba. Wiki iliyofuata nikarudi kwenye wino mwekundu: MHARIRI AKUTWA NA MINYOO TUMBONI. Walijaa hadi njiani. Yule bibi wa sitini aliisoma mara mbili, ya pili kwa raha zaidi.

Nikaenda kwa Mzee Mbaraka kumwomba radhi. Alinisikiliza akikuna nazi. Akasema hana kinyongo, ila mguu wake haumruhusu kuchimba, na yeye naye anakwenda minazini kwa tabu. Nikamchimbia. Siku ya tatu kuta za mchanga ziliporomoka, nikazama hadi kifuani, na watoto waliokuja kutazama ndio walionivuta. Mzee akanifundisha kuzuia mchanga kwa magogo ya mnazi. Cha pili nilichimba kwangu. Hadi mwaka unakwisha, upande wetu wa kijiji ulikuwa na vyoo kumi na saba, na watu walisema wanachimba ili wasije wakaandikwa.

Ubao tuliufuata kwa balozi, mimi na Mzee Mbaraka. Bwana Jumanne alisema umekaa salama tangu alipouchukua, haujaguswa. Ulikuwa umenyunyizwa poda, na kete zimepangwa katikati, tayari.

Gazeti la Dar es Salaam niliwaandikia barua nne. Hawakusahihisha. Mpaka leo nikishuka Kilindoni hukutana na mtu wa makamo anayeniuliza, kwa heshima kabisa, kama mimi ndiye yule mtaalamu aliyegundua hatari ya keram. Zamani nilikuwa naeleza habari yote tangu mwanzo. Sasa nimechoka. Huwaambia yule ni ndugu yangu, tunafanana, na kwamba alikwishahama.