Mama Mkwe Alipowania Tuzo ya Redio

Tangu niolewe Tukuyu, kila msimu wa tuzo za muziki ukifika mimi na mume wangu hugombana. Si ugomvi wa kuitiwa wazee. Ni ule wa kwenye kochi, televisheni inawaka, bakuli la karanga liko katikati yetu. Mimi niko upande wa kipaji. Nimeshikilia siku zote kwamba tuzo hizi, kubwa kwa ndogo, humfuata mwenye wafuasi wengi mtandaoni, na kwamba anayejua kuimba kweli yuko mahali anapalilia maharage na hakuna anayemfahamu. Mume wangu ni bwana mifugo, mtu asiye na subira na hotuba. Jibu lake ni moja tu.

"Mwalimu, wimbo usiopendwa na mtu ni mzuri kwa nani?"

Basi mwaka juzi Mungu akaamua kunipa mtihani wa somo langu mwenyewe. Redio moja ya huku kwetu ilitangaza kwamba itatoa tuzo kwa waimbaji wa wilaya. Yeyote aruhusiwe kuleta wimbo, wasikilizaji wapige kura kwa ujumbe wa simu, mshindi atangazwe ukumbini. Wifi yangu, anayeuza mitumba sokoni, alikuwa na wimbo wa mama yake kwenye simu. Alikuwa ameurekodi siku ya harusi ya jirani, wala hakuomba ruhusa. Akautuma. Wiki iliyofuata mtangazaji akamtaja mama mkwe wangu miongoni mwa wawaniaji wa Wimbo wa Mwaka.

Mama mkwe anaishi Matwebe, na migomba yake, kipande cha chai na ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye dharau. Kanisani yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Akianza peke yake, hata watoto wanaolia hunyamaza kumsikiliza. Kwaya ikishaingia, yeye hushuka akaimba sauti ya pili, kwa sababu anasema ya kwanza kila mtu anaijua. Wimbo wenyewe aliutunga kwa Kinyakyusa. Ni wa kumwomba Mungu aishike mvua kidogo tu, mpaka wageni wafike na nguo zikauke. Kwetu huku, ambako mvua hukaa kama mpangaji, hilo ni ombi zito.

Tulipompelekea habari alikuwa anamenya ndizi.

"Tuzo ya nini?" akauliza.

"Ya kuimba vizuri kuliko wote, Mama," nikasema.

"Mimi?" Akaendelea kumenya. Baada ya muda akauliza, "Watu watakaa wapi? Mbele yangu au pembeni?"

Nikajua hapo kwamba ameshakubali.

Nilisoma orodha ya wapinzani wake kwa makini. Wengi niliwadharau papo hapo, lakini mmoja nilimchukia kabisa. Alikuwa kijana muuza chipsi wa Bulyaga, mwenye wimbo wa mapenzi unaomfananisha msichana na parachichi. Kiitikio kilikuwa "Usiniminyeminye, nitaiva mwenyewe." Sauti yake ilikuwa imepitishwa kwenye kompyuta hadi ikalia kama mbuzi aliyetumbukia kwenye pipa. Wimbo huo ulipigwa kila mahali: saluni, kwenye pikipiki, sehemu za kununulia parachichi, mpaka wanafunzi wangu wakawa wanauimba huku wakifanya zoezi la ngeli. Kwangu mimi ulikuwa ushahidi wa kila nilichokuwa nikisema kwenye kochi.

"Huyu ndiye biashara," nikamwambia mume wangu. "Na Mama ndiye kipaji. Sasa tutaona."

Kisha nikaanza kampeni. Niliandika ujumbe kwenye makundi yote ya simu niliyomo: walimu, wazazi, kikundi cha kuweka na kukopa, hata kundi la waliosoma nami Singida, ambao hawajawahi kuiona wilaya yetu ya Rungwe hata kwenye picha. Niliwaamrisha wapige kura. Waliouliza wimbo uko wapi nikawajibu wapige kwanza, watausikia baadaye. Mume wangu alikuwa akinitazama huku akila karanga.

"Lakini si ulisema kipaji kinajiuza chenyewe?"

"Kinajiuza. Ila kinahitaji kusukumwa kidogo."

"Hiyo ya kusukuma ndiyo wenzako wanaiita promosheni."

Nikarudi kwenye simu. Nilikuwa na watu wa kuwakumbusha.

Kwa upande wa Matwebe kampeni ilishikwa na mzee mmoja wa kanisa, mjomba wa mume wangu, mtu mwenye moyo mweupe na sauti ya kuvuka bonde. Mzee huyu, kama wazee wengi wa huku, akiongea Kiswahili herufi r humgeukia ikawa l. Jumapili, baada ya matangazo ya kawaida, alisimama akasema kwa uzito, "Ndugu zangu, mama yetu anashindana ledioni. Kila nyumba itoe kula moja kwa ajili yake. Msimwache peke yake."

Mimi nilikuwepo, nikapiga makofi. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza jirani yake, "Nyumba yangu italeta Jumanne." Sikulitilia maanani.

Jumanne walikuja. Wa kwanza alileta mkungu wa ndizi, wa pili kuku, wa tatu sufuria la maharage yaliyokwisha kuungwa. Jumatano ukaja mtindi. Alhamisi, mama mmoja aliyetoka kilima cha pili alileta mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama hadi zikalainika, akaziweka mezani akisema pole. Alidhani mashindano ni aina ya ugonjwa. Mama mkwe alipokea kila kitu kwa mikono miwili. "Ndaga fijo," akawa anasema, asante sana, wala hakuuliza swali hata moja.

"Mama," nikamwambia nilipofika mwisho wa wiki na kulikuta jiko limejaa, "mzee alimaanisha kura. Ya kupiga kwenye simu."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kuku." Akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu. Hii nayo ni kula."

Siku ya kutangaza washindi ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi mmoja wa mjini. Mvua haikumsikiliza mama mkwe, wala haikumsikiliza mtu mwingine. Tulifika na matope hadi kwenye pindo. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba kirefu kiasi kwamba waliokaa nyuma yake walihama viti. Kila mshiriki alitakiwa aimbe wimbo wake kabla matokeo hayajasomwa.

Alianza mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, mwanamume mnene, mwenye furaha. Nilipomwona kwenye orodha nilidhani jina limekosewa. Halikuwa limekosewa. Aliimba wimbo wa kusifu mabati. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa rangi zake, wa pili ulikuwa wa unene wa bati, na wa tatu ulieleza duka lilipo ukitokea stendi. Watu walicheka, wakapiga makofi ya adabu, nikamsahau mara moja.

Kisha akaitwa Mama.

Niseme kweli, aliimba kama alivyokuwa akiimba siku zote, na hilo ndilo lililonikera. Yeye alifanya kila kitu sawasawa, ila ukumbi haukufanya. Wazee waliojua Kinyakyusa walitulia, na bibi mmoja karibu na mlango alijifuta macho. Lakini vijana, ambao walikuwa wengi, walitazama simu zao. Wasichana wawili mbele yangu walijipiga picha huku wimbo ukiwa katikati. Alipomaliza walishangilia kidogo, kama watu wanaompigia makofi mgeni rasmi aliyefupisha hotuba. Mama aliinama, akarudi kukaa, akapanga kilemba chake.

"Nilikuwa vizuri?" akaniuliza.

"Vizuri sana, Mama." Nilitaka kuwanyang'anya wale wasichana simu kama niko darasani.

Hapo akaitwa yule kijana wa parachichi, na ukumbi ukalipuka kabla hajafungua mdomo. Viti vikasukumwa, watu wakasimama. Muziki ukaanza, sauti ya kwenye kompyuta ikaanza kulia, yeye akiinua kipaza sauti bila hata kukisogeza karibu na midomo. Nikamgusa mume wangu na kiwiko. Unaona? Haimbi kabisa!

Umeme ukakatika.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Muziki ulizimika katikati ya neno, tukabaki na kijana mwembamba wa miaka ishirini na kitu amesimama kwenye mwanga hafifu wa madirishani, na ngurumo ya mvua juu ya paa. Niliegemea kiti changu. Nilimwambia mume wangu, bila kuona aibu, "Sasa ukweli utajulikana."

Na kweli ukajulikana. Kijana alikiweka chini kile kipaza sauti, akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, akaanza kupiga makofi taratibu. Akaimba. Ile sauti ya mbuzi haikuwemo. Ilikuwa sauti laini, ya juu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na haikutetereka hata mvua ilipozidi. Bila zile ngoma za mashine nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba wimbo wenyewe ulikuwa umetungwa vizuri: ulipanda polepole, ukasita, ndipo ukashuka kwenye kile kiitikio nilichokuwa nimekichoka. Ukumbi mzima ukaitikia.

Na pembeni yangu, mama mkwe wangu, mwanzishaji wa nyimbo za kanisa, akaingia na sauti ya pili.

Hakusimama. Aliimba amekaa, mikono mapajani, uso umetulia kama yuko kwenye ibada. "Usiniminyeminye, nitaiva mwenyewe." Sauti yake ilijipenyeza chini ya ile ya kijana ikaibeba. Kijana alisikia. Akageuza kichwa kutafuta inatoka wapi, akaona kilemba, akacheka huku anaimba. Wote wawili waliukamilisha wimbo, na wale wasichana wa simu safari hii walisahau kujipiga picha.

Wimbo ulipokwisha kijana alishuka moja kwa moja hadi tulipokaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado, Mama. Asante kwa kunisaidia."

"Nilishakusaidia siku nyingi," Mama akasema. "Kura yangu nilikupigia wewe."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa sababu ya mvua. "Mama! Ulimpigia nani?"

"Huyu."

"Na wewe mwenyewe je?"

Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi waliochelewa kuelewa. "Nijipigie mwenyewe, halafu Jumapili niingie kanisani na uso gani? Tena wimbo wake naupenda. Ninapochuma chai unanisogeza haraka."

Mume wangu alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika. Sikutaka kumtazama. Nilikumbuka Singida yote niliyoisumbua.

Umeme uliporudi, mtangazaji alipanda na bahasha, akazungukazunguka kama wanavyofanya watangazaji wote, akatuomba tushikane mikono, akatuomba tuvute pumzi. Mshindi wa Wimbo wa Mwaka, akasema, ni yule bwana wa mabati.

Kicheko kikaanza upande mmoja kikaenea hadi upande wa pili. Baadaye tulikuja kujua kwamba kila aliyenunua bati kwake katika miezi miwili ya kupiga kura aliombwa apige kura palepale dukani kabla hajafungiwa mzigo. Na ulikuwa msimu wa kujenga. Bwana yule alipokea tuzo akilia machozi ya kweli, akamshukuru Mungu, mkewe na wateja. Nikatafuta hasira niliyokuwa nimeiandaa kwa muda wote huo, nikakuta haipo. Ni vigumu kumkasirikia mtu anayelia.

"Hii sasa ni haki?" nikamuuliza mume wangu hata hivyo, kwa mazoea.

Mama ndiye aliyejibu, huku anapiga makofi. "Bati zake hazivuji," akasema. "Mimi jiko langu niliezeka kwake."

Mwezi mmoja baadaye kijana alikuja Matwebe na mama yake mzazi, kwa heshima zote, kumwomba Mama aimbe naye wimbo mpya. Mama alitoa masharti: usiwe na neno "bebi", na kazi iishe kabla ya saa ya kukamua ng'ombe. Nilimsindikiza hadi studio, chumba kimoja cha Ibighi kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Alivua viatu, akaimba mara moja, ikatosha. Mimi nilikuwa karibu kulia. Nilijiambia kwamba hatimaye kipaji kimepata nafasi yake, safi, bila hila za mashine.

Fundi wa mitambo akavua spika za masikioni. "Mama, imekaa vizuri sana. Lakini ukipenda naweza kuipitisha kidogo kwenye kompyuta. Iwe kama za vijana."

Nilifungua mdomo kukataa kwa niaba yake. Nilikuwa na hotuba tayari. Mama akaniwahi kwa kuinua kiganja.

"Nisikie kwanza," akasema.

Fundi akabonyeza. Sauti ya mama mkwe wangu ikatoka kwenye spika ikitetemeka, ikipinda kona zisizokuwepo, inameremeta kama sufuria jipya. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, mdomo wazi. Kijana alikuwa akimtazama kwa wasiwasi. Mimi nilishika mkoba wangu.

"Ongeza," Mama akasema.