Kizito Hamwachi Mtu Alale

Zamani, bandarini Kalundu, wapagazi waliheshimu desturi moja: aliyeshusha shehena hadi gunia la mwisho haamshwi. Alale juu ya magunia mpaka usingizi umwishe. Kizito alifundishwa hivyo na Gratien, kiongozi wa zamu yao, mtu wa mabega mapana aliyeimba na gunia la simenti kichwani, wenzake wakiitikia kutoka botini mpaka ghalani. Hata leo Kizito akinusa vumbi la simenti, huisikia sauti ile.

Mwaka wa mwisho mgongo ulimtesa Gratien na usingizi ukamkimbia. Muuguzi alimpa vidonge vya diazepamu, akamwonya asivichanganye na pombe.

Mchana mmoja, boti ilipokwisha kushushwa, kikombe cha kanyanga, ile pombe yao kali, kikazungushwa kama kawaida.

"Weye si uko na dawa?" Kizito aliuliza.

"Nilimeza tatu asubuhi, mgongo ulikuwa unaniua. Hii iko ya kusafisha vumbi tu. Ama unataka kunywa yangu?"

Wakacheka. Kizito akamjazia kikombe, kisha kingine.

Gratien akalala, akikoroma kwa nguvu.

"Musikie injini ya boti," mmoja akatania.

Apolline, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyezoea kumwita Gratien kwa jina la bintiye, akasimama na beseni lake. "Baba Noella anakoroma vibaya. Ananyamaza sana katikati. Mumuamushe."

"Mama, umuache. Alishusha boti nzima," Kizito akamjibu, akamvutia rafiki yake turubai ili jua lisimchome.

Walipomgeukia tena, mkoromo ulikuwa umekoma na midomo imekuwa ya kijivu. Walimkimbiza hospitali kwa pikipiki, Kizito akimshikilia kwa nyuma, lakini hakuamka. Daktari aliwaeleza kwamba vidonge vile na pombe, kila kimoja hupunguza pumzi; vikikutana, mwili huacha kupumua. Ule mkoromo ulikuwa wa mtu anayekosa hewa.

Siku hizi Kizito ndiye kiongozi wa zamu. Hajui kuimba, na wenzake hawamfichi. Lakini mtu akilala juu ya magunia, humtikisa bega mpaka afumbue macho.

"Eh, mzee, uko na wazimu? Nilikuwa naota bibi yangu."

"Endelea kunitukana."

Hutukanwa, naye husimama palepale akisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha hurudi kivulini, akaketi kwenye gunia ambalo Gratien angelichagua kulalia.