Kwa Nini Mume Wangu Hunifukizia Udi

Mwenye kisa hiki katuomba tumsitiri, nasi tumelificha jina lake. Maneno ni yake mwenyewe.

Wasomaji wenzangu, asalaam aleikum. Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, nimeolewa na fundi cherehani. Sina ugomvi na mtu. Nina aibu tu, tena aibu ya kutamani ardhi ipasuke niingie.

Mume wangu ana desturi ambayo sijaiona kwa mwanamume mwingine. Kila jioni akirudi dukani hukoleza makaa, akatia udi, akanifukiza mwenyewe: nguo, nywele, mpaka mto wa kulalia. Asmini hununua yeye. Nami, jamani, nilivyokuwa nikijigamba! Nikikaa harusini nawaambia wenzangu, "Nyinyi mwawafukizia waume zenu. Mie nafukiziwa!" Wakitazamana, kisha mmoja mmoja wakihamia mkeka wa pili. Nikasema moyoni, mahasidi hawa, kijicho chawaua.

Mwezi huu kichwa kilinizidi na pua imeziba, nikaenda zahanati. Nesi alonihudumia ni msichana wa Kigiriama, mpole. Akanimulika puani, kisha akaenda kufunga mlango.

"Bibi," akaniambia kwa sauti ndogo, "pua yako imefanya vigaga ndani, navyo vinaoza. Vinatoa harufu. Wewe huisikii kwa kuwa pua ya kunusia ndiyo hiyo iliyo na ugonjwa."

"Harufu gani? Mie?" nikamkaripia. "Mbona mume wangu hajaniambia hata siku moja?"

Akageuka, akapasha maji. Hapo ndipo nilipouelewa ule udi. Wallahi nilijifunika uso kwa buibui nikalia mle mle.

Akanipa dawa ya matone, akanionyesha kuosha: maji vuguvugu ya chumvi, nimeinamia bakuli, mdomo wazi, yapite kwa mpira mwembamba pua hii yatokee ile, asubuhi na jioni. "Lakini wa kukumwagia awe mwingine, ama utapaliwa. Mlete bwana nimfundishe." Nikamwambia bwana yuko safarini. Uwongo mtupu! Yuko dukani kwake, nyuma ya zahanati hiyo hiyo.

Basi najifungia chooni nahangaika peke yangu. Yanayotoka siwezi kuyaandika hapa. Juzi maji yalinienda vibaya, nikapaliwa, nikakohoa mpaka bakuli likaanguka. Mume wangu akaja mbio.

"Mke wangu, nifungulie nikushikie."

"Napiga mswaki!" nikamjibu.

Hakuondoka. Tangu siku hiyo kila nikiingia, naye huja akakaa nje ya mlango, chai yake ikapoa. Nikimfungulia, ataona kila kitu, na atajua kuwa nami nimejua. Nisipomfungulia, naogopa siku moja nitapaliwa moja kwa moja.

Nipeni shauri, wenzangu. Komeo nalitia mkono, kisha nauondoa. Nikimfungulia, nitamtazama kwa macho gani?