Ruhusa ya Kwenda Nje

Mimi ni mwalimu mkali, sikatai. Nimezaliwa Nambis, na tangu nilipohamishiwa shule moja ya Basotu, watoto hunyamaza wakisikia viatu vyangu tu.

Mwaka ule nilifundisha darasa la nne, na kulikuwa na binti mmoja wa familia ya wafugaji. Kipindi cha kusoma kikianza, zamu ikimkaribia, mkono juu: anaomba ruhusa aende nje. Akitoka, harudi mpaka vitabu vifungwe. Nilimwona mvivu na mjanja. Baba yake alikwisha kusema anahitaji mtu wa kuchunga ndama, lilibaki neno langu tu. Nikamwita baba huyo aje Jumatatu, nimwambie mtoto wake kusoma hakuwezi.

Wiki hiyohiyo walimu wa Hanang na Mbulu tuliitwa Endagikot kwenye mafunzo ya kompyuta, siku tatu. Nilishika kipanya kama kitu kitakachoning'ata. Vijana walikuwa wanaandaa masomo huku wanapiga soga, mimi natafuta kishale kimeishia wapi. Mkufunzi, dada mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, alitupa shikamoo zetu vizuri, kisha akasema kila mtu kwa zamu ataonesha kazi yake ukutani, mbele ya wote. Zamu ilipobakiza watu wawili kunifikia, niliomba nitoke kidogo.

Siku ya pili nilitoka mara tatu. Mara ya tatu nilisimama nyuma ya choo, naangalia mahindi ya watu na kusikilizia kama zamu yangu imepita. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sina haja yoyote. Yule binti akanijia kichwani.

Mimi ni mtu mzima, nina mshahara na miwani, na siku mbili zilitosha kunifanya nitake kupanda gari nirudi nyumbani. Yeye huu ulikuwa mwaka wa nne. Kila asubuhi alitembea mwendo mrefu kuja kukaa kwenye aibu hiihii, na kesho yake akaja tena. Nilistaajabu mpaka machozi yakanilenga. Sikuwahi kukutana na mtu jasiri kiasi kile, nami nilikuwa nimemwita mvivu.

Niliporudi ndani, mkufunzi hakuniuliza nilikuwa wapi. Alikuwa ameihifadhi kazi yangu kama nilivyoiacha.

"Tuliishia hapa, Mwalimu," alisema, akavuta kiti akakaa karibu yangu.

Siku ya tatu nilisimama mbele nikaonesha ukurasa wangu mmoja, wenye picha ya ng'ombe niliyeshindwa kumsimamisha wima. Walicheka. Nami nilicheka.

Jumatatu baba wa yule binti alifika mapema, shuka begani, fimbo mkononi. Aliniamkia, kisha akauliza, "Nimchukue?"

Nilimwambia hapana. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, sikumfundisha anavyohitaji, na nikamwomba aniachie mtoto. Akasema ndama atawachunga yeye mwenyewe mpaka mwaka uishe, baada ya hapo tutaongea.

Basi binti akiomba kutoka, nikawa namruhusu. Naweka kipande cha chaki kwenye kitabu chake, juu ya neno alilofikia. Akirudi, naketi kwenye dawati lake na kumwambia tuliishia hapa. Wiki nyingi zilipita hivyo, na kila alipotoka niliogopa kwamba leo hatarudi.

Mwaka ukiwa unaelekea mwisho, asubuhi moja mkono ukapanda. Nikamwonesha mlango. Hakusogea. Alisimama, akaweka kidole kwenye mstari, akausoma neno kwa neno, kwa sauti ndogo, mpaka nukta. Mimi nilikuwa bado nimeshika chaki ya kumwekea alama.

Kisha akaomba ruhusa aende nje. Safari hii alikuwa amebanwa kweli, maana alitoka mbio, na kabla sijafuta ubao alikuwa amerudi.